Nilivyoua Seva ya Majina

Niliua seva kwa kuiuliza swali na kukimbia kabla haijajibu. Huo ndio ujinga wenyewe. Nautaja mapema nisije nikaupamba.

Ilikuwa likizo, mwaka wa 2013. Nimetoka shule ya bweni Lodwar, niko Kakuma kwa mama. Dada yangu, aliyemaliza kidato cha nne, alikuwa akijaza fomu ya ufadhili wa chuo kwenye chumba cha kompyuta karibu na kambi. Mwisho ni saa kumi na moja jioni hiyohiyo. Zilibaki kurasa mbili.

Seva moja ilitunza majina na nywila zetu sote. Ikilala, hakuna kompyuta inayokufungulia. Fundi, Msudani wa Kusini, alikuwa ametuonya: "Wee, ukitafuta jina, ngoja jibu! Ukikata katikati inakufa. Dawa yake iko kwa mtandao, lakini hii mtandao yetu inatambaa, bado sijaishusha."

Kwetu, mtu akikuuliza "Ejok?" akapita bila kungoja useme u mzima, amekudharau. Nikaona nidharau mashine, nione itafanya nini. Kwenye kompyuta ya jirani na ya dada nikatafuta jina langu, nikafunga dirisha papo hapo. Kimya. Tena. Tena. Wakati huo dada alikuwa amefunga akaunti yake, kama sheria ya chumba ilivyotaka, akatoka kunywa maji.

Akarudi. "Inasema hainijui."

"Hata mimi sikujui, madam. Wewe ni nani?"

Chumba kizima kikacheka. Kisha wengine nao wakakataliwa, na hakuna aliyecheka tena.

Nikampigia fundi, nikamwambia seva imelala.

"Nani amekata?"

"Ni… sijui."

"Kijana!"

"Ni mimi."

Akashusha pumzi. "Lazima iwashwe upya, na ufunguo ya kabati ya seva niko nayo hapa Lodwar. Nitarudi kesho."

Dada alikimbia hadi saiba ya mjini, duka la intaneti, aanze upya. Skana yao ilikuwa imeharibika, na nakala za vyeti vyake zilikuwa zimefungiwa ndani ya akaunti. Nilimkuta amekaa kwenye ngazi, saa kumi na moja na robo. Nilikuwa na mizaha kama mitatu tayari mdomoni. Nikaimeza.

Nyumbani nilimweleza mama yote, hata kuhusu "madam". Alikuwa akipanga samaki wakavu wa kuuza. Hakuinua macho.

"Kesho dada yako anaenda Kataboi, ziwani, kupasua samaki na shangazi yenu. Wewe Jumatatu unarudi shule. Sasa kula."