Mtani na Gari la Marehemu

Siku moja nilikuwa nikichota maji Ntalikwa, mtoto mgongoni, nikasikia kelele kwa jirani yetu mjane. Gari la marehemu mumewe, lililolala bandani tangu vita vilipoadimisha petroli, lilikuwa limesukumwa hadi uani. Mama yule alilisafisha mwenyewe, akatoa hata masega ya nyuki kwenye injini, akatia petroli kidogo aliyokuwa ameiweka akiba. Lakini shemeji yake alikuwa amekuja na wahunzi. Lisipowaka siku hiyo, wangelichukua wakafue majembe.

Mjane alizungusha hendeli ya kuwashia injini mpaka kanga ikalowa jasho. Gari kimya.

Mtani wa marehemu, Mzaramo mshona nguo, akajilaza juu ya boneti akalia kama yuko msibani. "Maiti hii imeoza, Wanyamwezi. Zikeni."

Hakuna aliyekasirika, maana utani ni haki yake. Mjane akamnyooshea hendeli.

"Mume wangu ulimzika wewe, mtani. Na mtani hakimbii kazi ya msiba. Zungusha."

Angekataa vipi mbele ya watu? Alivua kanzu, akazungusha huku akitusimanga. "Babu zenu walibeba pembe hadi kwetu pwani, leo kichuma hiki kinawashinda?"

Injini ikakohoa, ikatema moshi mweusi, ikanguruma.

Wa kwanza kushika mlango alikuwa shemeji. "Shemeji, nifikishe Kipalapala."

"Ingia kwenye jembe lako, shemeji," mjane akamjibu, akamfungulia.

Mimi kuwajibu wakubwa siwezi. Lakini tangu siku hiyo, kazi ikinishinda, namtafuta anayenicheka nimkabidhi hendeli.