Karatasi Mia Moja na Sitini za Mhunzi

Nina aibu nyingi na zingine nimeshazizoea, kama ile ya kuanguka na mzigo wa mashati mbele ya kanisa watu wakitoka ibadani, lakini hii ya kuku ndiyo mpaka leo inanifanya niingie ukumbi wa Shauri Moyo kwa mlango wa nyuma, na kwa kuwa kila mtu mtaani anaisimulia apendavyo (wengine wanasema kuku walikuwa hai, uongo mtupu), heri niisimulie mwenyewe, angalau hesabu zake zitakuwa sawa.

Ilikuwa mwaka juzi, katika hii miaka ya sabini. Nilikuwa nauza mashati ya mitumba sokoni Gikomba na nilijulikana kwa jambo moja tu, kwamba hakuna mtu aliyewahi kunipunja. Watu walinipitia niwasindikize kununua kitanda au redio, kazi yangu ikiwa kusimama kando na kukunja uso mpaka bei ishuke. Kila kitu nilikihesabu mara mbili, hata njiti za kiberiti (kimoja kilipungua mbili, nikakirudisha dukani, na mwenye duka hajanisalimia tangu siku hiyo).

Sasa, pale ukumbini tulikuwa na kikundi cha wasomaji, watu ishirini, na tulikuwa tumechanga tukapata pesa za vitabu thelathini, seremala akatutengenezea kabati lenye kufuli, ikabaki kuchagua mtu mmoja wa kwenda kununua vitabu na kukaa na ufunguo. Niliutaka ule ufunguo kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Kutwa nzima watu wananiita "wewe wa mashati", na mtu mwenye ufunguo wa kabati la vitabu haitwi hivyo. Nilikuwa nimeshanunua kamba ya kuutundikia shingoni.

Mpinzani wangu alikuwa Mwende, mpiga chapa wa ofisi moja mjini, dada mpole, mwenye miwani, anayelipa bei anayotajiwa (kwangu mimi huo ni ugonjwa). Mwalimu Njoroge, mwenyekiti wetu, akaamua kwamba Jumamosi kila mmoja wetu wawili atazungumzia kitabu kile kile, cha pili cha hadithi ya mhunzi Mwandu, halafu kura zipigwe. Cha kwanza tulikuwa tumekisoma sote. Mwandu ni mhunzi wa zama za misafara ya pembe za ndovu, ana mvukuto wa kichawi, akiuvukuta kwa mkono wa kulia anarukia miaka ya mbele, kwa mkono wa kushoto anarudi miaka ya nyuma. Upuuzi. Mtu ana uwezo wa kurudi nyuma miaka mia na hakumbuki kujinunulia hata kiwanja kimoja Eastleigh kabla bei haijapanda!

"Mimi nitamaliza changu Alhamisi," Mwende akaniambia, "nitakuazima."

Hapo ningesema asante tu, mkasa ungeishia hapo. Nikasema, "Kile cha bei ya mjini? Wacha, dada, nisije nikaambukizwa."

Nikaenda duka la vitabu mjini, nikakitoa kitabu kwenye rafu na kuhesabu karatasi zake nikiwa nimesimama, mara mbili, karani akinitolea macho: mia moja na sitini. Kisha nikarudi Gikomba kwa Baba Wambui, ambaye alikuwa na meza nyuma ya maseremala akishona vitabu vilivyofumuka na kuvigundisha kwa uji wa unga wa ngano. Panya waliupenda sana ule uji, kwa hiyo kila kitabu alikikata kingo zilizotafunwa kwa kisu, na namba za kurasa zikaenda na kingo. Alikuwa nacho kitabu changu. Nikahesabu.

"Mia moja arobaini na nne," nikamwambia. "Kule mjini kina mia moja na sitini."

"Umeenda kuhesabu karatasi za duka la watu?"

"Mara mbili. Na mimi nanunua kwa karatasi, bwana. Zisipotimia mia na sitini hatuongei."

Akanitazama jinsi mtu anavyotazama mvua ambayo lazima imnyeshee. "Rudi kesho," akasema. "Zitatimia."

Kesho yake zilitimia. Nikahesabu, nikarudia, nikakata robo ya bei kwa sababu ya harufu ya uji, nikaondoka nikipiga mluzi. Kwamba karatasi kumi na sita zimetokea wapi usiku mmoja, sikujiuliza. Mtu wa kwanza Gikomba nzima aliyestahili kujiuliza ni mimi.

Nilikisoma kwa siku tatu nikikidharau. Mfalme anazikwa mwanzoni, katikati anaoa, mwishoni ananyonya. Mwandu anapoteza jicho, jicho linarudi, analipoteza tena lile lile. Na kila mara sentensi inakatika katikati, ukigeuza karatasi uko mahali pengine kabisa, nikasema aha, hapo mvukuto umevukutwa, mwandishi anataka tuone jinsi uchawi unavyomnyakua mtu hata maneno hayamaliziki. (Nilijiona nina akili. Niliandika jambo hilo pembeni kwa penseli.)

Sehemu moja tu ilinipendeza. Mwandu anapigana na walinzi wa mfalme, sentensi inakatika, na anatua nchi ya mbele sana ambako hakuna mfalme wala jeshi, watu wote wanafuga kuku. Karatasi kumi na sita za kuku! Banda lielekee jua la asubuhi, chombo kimoja cha maji kwa kuku ishirini, kila kitu kimepimwa. Herufi zilikuwa ndogo zaidi, nikasema sawa, ni maendeleo. Mwandu mwenyewe hatajwi popote, nikadhani amejificha.

Jumamosi mchana ukumbi ukajaa. Nilivaa shati bora kuliko yote katika mzigo wangu, nikapewa nafasi ya kwanza, nikaanza kumchambua yule mwandishi kama anayechambua mchele wenye mawe. Nikauliza mfalme gani anayeanza kufa kabla ya kutahiriwa. Nikauliza jicho lina kamba? Wengine walicheka, wengine walitazamana, na Mwende alivua miwani akaifuta akaivaa tena, na mimi nikachukulia hiyo kuwa dalili ya kushindwa.

"Lakini nitamtendea haki," nikasema. "Kuna mahali mwandishi huyu aliamka. Nchi ya mbele! Sikilizeni." Nikasoma kwa sauti ya mhubiri: "'Mtenge kuku huyo na wenzake mara moja, na maji yake yabadilishwe asubuhi na jioni—'"

"Ngoja hapo!"

Alikuwa Mzee Mutua, mchonga vinyago, aliyefuga kuku nyuma ya nyumba yake na ambaye kwa kawaida alikuja ukumbini kusinzia. Sasa alikuwa amesimama.

"Kijana wangu, endelea kusoma. Usiruke hata neno! Ukurasa huo nimeutafuta tangu msimu wa mvua. Changu kinasema, 'Ukiona kuku amelegeza mabawa na kuzubaa, fanya hivi,' halafu nikigeuza naona mhunzi amemshika mfalme ndevu."

Vichwa vyote vikamgeukia.

"Kitabu gani hicho, mzee?" Mwalimu Njoroge akauliza.

"Cha ufugaji wa kuku. Nilinunua kwa Baba Wambui. Nilifikiri hapo wameandika kwa mafumbo, kwamba nimshike jogoo kwa nguvu. Nimemshika, akafa. Wamekufa kumi na mmoja."

Mwende akaja mbele taratibu, akanyoosha mkono, na mimi nikampa kitabu kwa sababu sikujua kitu kingine cha kufanya na mikono yangu. Akafunua hapa, akafunua pale.

"Kaka," akasema kwa sauti ya chini, lakini ukumbi ule ulipeleka kila neno mpaka nje, "mwisho umeshonwa mwanzoni. Hukushangaa?"

"Nilifikiri ni uchawi," nikasema.

Sijawahi kusikia watu wakicheka vile. Mama mmoja alilazimika kutolewa nje apate hewa. Mwalimu Njoroge, mtu mzito ambaye hata harusini hatabasamu, alijifunika uso kwa daftari la mahudhurio na daftari likawa linatetemeka. Kura zilihesabiwa mara moja tu. Mwende alipata zote isipokuwa moja, na hiyo moja alinipigia yeye mwenyewe kwa huruma. Mimi pia nilimpigia yeye.

Jumatatu asubuhi nilikuwa kwa Baba Wambui nikifoka. Aliendelea kushona.

"Umehesabu?" akauliza.

"Nimehesabu."

"Ni ngapi?"

"Mia moja na sitini! Lakini kumi na sita ni kuku!"

"Wewe uliniambia unanunua kwa karatasi," akasema, akakata uzi kwa meno. "Ungeniambia unanunua hadithi, ningekwambia sina."

Nikaenda kwa Mzee Mutua kubadilishana, karatasi zangu kumi na sita kwa zake kumi na sita, jambo lililo wazi hata kwa mtoto. Mzee akasema zake ni za thamani zaidi kwa sababu ameshazisoma mara nyingi na amezizoea. Akataka na shati juu yake. Mimi, ambaye watu wananikodi kukunja uso, nilitoa shati. La mikono mirefu.

Mwende alinishonea kitabu upya akikifuatisha na chake, na nikakisoma kibandani siku ambayo wateja walikuwa wachache. Kumbe zile karatasi za Mzee Mutua ndizo zenye mambo. Mwandu amemshika mfalme ndevu, ameshinda, mvukuto uko mkononi, akirudi nyuma mara moja tu atamkuta mama yake hai. Lakini akirudi, binti aliyemzaa katika miaka ya mbele hatazaliwa. Anaushika mvukuto kutwa nzima. Jua likitua anaukata kwa kisu, yeye mwenyewe, na kuketi juu ya vipande.

Nilikuwa hapo, macho yamejaa, mtu akaja akashika shati akataja bei. Bei ya matusi. Nikamwambia chukua. Alibaki amesimama akinitazama, akaligeuza shati kutafuta tundu, kisha akaondoka akitazama nyuma.

Ukumbini bado nasema kile kitabu ni takataka. Nilishasema hivyo mbele ya watu wote na sina njia ya kurudi nyuma. Ila niliapa nisinunue tena kitu cha kusomwa kwa kuhesabu karatasi, na kiapo hicho nimekishika. Juzi nimesikia cha tatu kimetoka. Mwende amekinunua, kipya, bei ya mjini, na anakiazimisha kwa zamu kutoka kwenye lile kabati. Nilimpelekea ile kamba afungie ufunguo, nikaandika jina langu kwenye orodha ya zamu. Niko wa pili. Wa kwanza ni Mzee Mutua, anataka kujua yule binti aliendeleaje.