Mkono Ndani, Pumzi Nje

Chuoni walimwita Chafya, na jina likamganda kama kupe. Paka akipita tu dirishani, macho yalimvimba. Akishika ng'ombe, mikono ilitoka vipele. Mama yake alimsihi asomee kitu kingine: "Mwanangu, dunia imekosa kazi isiyokuua?" Lakini sikio la kufa halisikii dawa. Akahitimu udaktari wa mifugo, akaajiriwa kwenye kliniki, lakini hakumwambia mkuu wake lolote kuhusu mzio wala pumu yake. Aliogopa kufukuzwa kabla hajatibu hata kuku.

Mwezi wa pili, asubuhi ya mvua, mkuu akiwa safarini, mjane mmoja alipiga simu: ng'ombe wake wa pekee anahangaika kuzaa tangu alfajiri. Chafya akaenda peke yake. Banda lilikuwa limezibwa maturubai pande zote, hewa nzito kwa vumbi la nyasi na manyoya. Akatundika koti mlangoni, akavaa glavu ndefu hadi begani, akapiga magoti, akaingiza mkono.

Miguu ya mbele ya ndama aliipata. Kichwa hakipo. Kilikuwa kimegeukia nyuma.

"Yu hai?" mjane akauliza.

Chafya akanyoosha mkono mpaka akaupapasa mdomo. "Ananyonya kidole changu, mama. Yu hai."

Hapo kifua chake kikaanza kupiga mluzi. Dawa yake ya pumu ilikuwa kwenye koti, hatua nne tu. Lakini akiutoa mkono, kichwa kingeponyoka, na nguvu za kuanza upya hakuwa nazo.

"Mama," akasema, neno mojamoja. "Koti. Mfukoni. Kichupa cha bluu."

Mjane akapekua. Funguo. Kalamu. "Hiki?"

"Tikisa. Niwekee mdomoni. Bonyeza."

Ng'ombe akasukuma, mkono ukabanwa mpaka vidole vikafa ganzi. Dawa ya kwanza ikaishia shavuni. Ya pili ikaingia. Ya tatu. Wakangoja, mjane akihesabu pumzi zake kwa sauti kama anayemfundisha mtoto. Kifua kikalegea kidogo tu. Chafya akashika taya ya ndama, akavuta polepole, kichwa kikageuka. Akafunga kamba kwenye miguu ya mbele.

"Sasa kamba, mama! Vuta akisukuma!"

Ndama akaanguka, kimya. Wakamsugua kwa gunia mpaka akakohoa.

Mjane hakushukuru. Alimkazia macho. "Unaumwa hivi, na hakuna anayejua? Ungenifia hapa, ningewaambia nini wazazi wako?"

Maneno hayo yalimchoma kuliko kifua. Mkuu aliporudi, Chafya alimweleza yote.

"Miezi miwili umenificha," mkuu akasema. Akamsimamisha kazi mpaka daktari wa kifua ampime. Chafya alirudi kazini baada ya wiki tatu, kwa masharti: barakoa wakati wote, paka awaachie wenzake wa kliniki, na bandani asiingie peke yake. Masharti hayo anayafuata, ingawa jioni nyingine bado anafika nyumbani macho yamevimba, anaoga mara mbili, na kulala ameketi.