Kidole Gumba

Fundi anayetujazia mitungi ya hewa pale ziwani si mtu wa maneno. Kelele za kompresa humeza nusu ya anachosema, wala hajisumbui kukirudia. Kila mtungi huupapasa kwa kiganja kama anayepima homa ya mtoto, akaufungulia kidogo, akanusa hewa, ndipo akukabidhi. Sisi wapiga mbizi wa Jumapili humtania kwamba anaonja chumvi. Huguna tu, akaendelea kunusa.

Asichokivumilia ni kidole gumba. Juzi mgeni mmoja alipokea mtungi wake, akamwinulia gumba kumwambia mambo safi. Fundi akazima kompresa. Akakishika kile kidole, akakikunja taratibu mpaka kikalala ndani ya ngumi ya mwenyewe.

“Ndugu yangu, huko chini ya maji hiyo si ‘safi’. Ni ‘tupande juu’.”

“Samahani, fundi. Kosa dogo tu hilo.”

“Dogo kweli,” alisema, akifuta mtungi uliokwisha kukauka. “Mama watoto aliniinulia hivyo hivyo, mara mbili. Nikadhani amewapenda samaki, nami nikamwinulia changu.”