Kifupa cha Tatu

Mama hakumwamini mtu yeyote aliyevaa koti jeupe. Miaka hiyo, kule Mtoni, habari za mumiani zilikuwa zimeenea, kwamba hospitalini wapo watu wanaonyonya damu na kuigeuza dawa, naye aliziamini zote bila kubakisha. Kwa hiyo nilipopasuliwa sikio la kushoto, lililotoa usaha tangu utoto wangu, alimwambia dresa, msaidizi wa hospitali aliyekuwa akitutafsiria maneno ya daktari Mzungu kwamba chochote kitakachotolewa kwa mwanawe anakitaka. Kwetu kitovu kinazikwa, nywele zinazikwa, sembuse mfupa.

Akapewa kichupa chenye vifupa viwili, vidogo kama chenga za mchele.

"Mlisema sikioni mna vitatu," mama akasema. "Nyundo, fuawe na kikuku. Hicho kikuku kiko wapi?"

Dresa akamweleza taratibu kwamba sauti hupita kwenye vifupa hivyo, kimoja kikikisukuma kingine. Viwili vilikuwa vimeliwa na usaha, ikabidi vitoke. Kikuku kilikuwa kizima, nacho ndicho kilichokalia kitundu cha kuingilia sikio la ndani. Daktari akikosea akaking'oa, sikio hilo halisikii tena kabisa.

"Tumekiacha palepale, mama."

"Mmekiacha," mama akasema, akakifunga kichupa kwenye pindo la khanga.

Vile viwili alivizika nyuma ya nyumba. Cha tatu aliamini kimeuzwa. Wasiwasi wake ukaniingia hata mimi, nikawa natikisa kichwa peke yangu nisikie kama kuna kitu kinacheza humo ndani.

Kisha sikio la kulia nalo likaanza kutoa usaha, na nyuma yake pakavimba. Dresa akaja mwenyewe nyumbani kusema ni lazima nipasuliwe tena, kwani usaha ule ukipanda kichwani utaniua. Mama akamjibu kwamba warudishe kwanza walichoiba. Nilikuwa nimelala mkekani, kichwa kinanigonga, na kusema kweli siku ile nilimchukia.

Dresa alipoondoka, mama akaamua kunipima, ajue kama kikuku kimo. Akaniziba sikio la kulia kwa pamba na kiganja, nikalia kwa maumivu, hakujali. Akanigeuza uso ukutani nisione midomo yake, akainamia lile lililopasuliwa.

"Leo tunakula nini?"

"Muhogo," nikasema.

Hakuridhika. Muhogo tulikula karibu kila siku, hata kiziwi angejibu. Alitaka neno nisiloweza kulibahatisha. Halafu sauti yake ikanifikia, nyembamba, kama ya mtu aliye chumba cha pili.

"Dada yako hakufa kwa homa. Alikufa kwa sikio. Mie ndiye niliyekataa apelekwe hospitali."

Dada huyo alifariki kabla sijajua kutembea, na siku zote niliambiwa ni homa. Nikayarudia maneno ya mama yote, neno kwa neno, nikiwa bado nimeuelekea ukuta.

Kiganja kikaniachia. Nilipogeuka, alikuwa keshajitanda khanga, anatafuta viatu vyangu.