Baraka Aliyoizuia Otilia

Mdogo wangu Otilia ni mpishi wa shule hapa kwetu, Texas ya kusini, mwaka wa kumi na tisa sasa. Watoto wote wanamjua, maana ukirudisha sahani yenye chakula anakufuata nayo mpaka mlangoni. Ni mkaidi, nalisema mbele yake na nyuma yake. Mumewe alipofariki alibaki na binti mmoja, Yadira, akamlea kwa jasho na kwa kelele.

Yadira alipotimiza miaka kumi na minane alikwenda kujiandikisha jeshini, hakumwuliza mtu. Alituambia Jumapili, tukiwa mezani.

"Nimeshatia sahihi, mama. Jumanne wananifuata."

"Jeshi linakutaka wewe, usiyeweza hata kutandika kitanda?"

"Watanifundisha."

"Na mjomba wako Eliseo walimfundisha nini? Kufa?"

Eliseo alikuwa kaka yetu. Asubuhi aliyoondoka alipiga magoti mlangoni, mama yetu akamchora msalaba kwenye paji la uso, akamkabidhi kwa Mungu, kama anavyofanyiwa kila mtoto wa kwetu anayesafiri. Miezi saba baadaye akaletwa ndani ya sanduku, limefunikwa bendera. Tangu hapo Otilia ana lake moyoni: kwamba mama ndiye aliyemruhusu kwenda kufa, tena kwa mkono wake mwenyewe.

Jumatatu akanivuta pembeni. "Dada, mimi simbariki. Na bila baraka yangu havuki kizingiti. Nimemzaa, namjua."

"Otilia, hilo si la kuchezea."

"Nani anacheza? Hao watu watangoja mpaka wachoke, waende zao."

Nami, mjinga wa mwisho, nikanyamaza. Nilitaka afaulu.

Jumanne asubuhi sajini akasimamisha gari nje. Kijana mwenye adabu zake, alivua kofia, akakataa kahawa. Yadira akaweka begi chini, akapiga magoti mlangoni na kuinamisha kichwa. Otilia alikuwa anakanda unga wa chapati. Akaendelea kukanda.

"Mama. Nakungoja."

Hakugeuka. Sajini akatazama saa, kisha akatazama viatu vyake. Mtoto mabega yakamshuka, machozi yakawa yanadondoka sakafuni, nami nikasema moyoni, haya, ameshinda mama, mtoto haendi tena. Ndipo Yadira akanigeukia, bado yuko magotini.

"Mama mkubwa, nibariki wewe."

Katika ukoo wetu, mama mkubwa humbariki mtoto aliyefiwa na mama yake. Mama akiwa hai, mkono wa mwingine haugusi paji lile. Ni kumchimbia kaburi mtu anayepumua. Lakini ningemwacha aende vitani hivi hivi, kama mbwa aliyefukuzwa? Nikambariki. Maneno yalinipotea katikati, nikaanza upya. Akanibusu mkono, akachukua begi lake.

Otilia alitoka mbio aliposikia mlango wa gari, unga umemjaa mpaka viwikoni. Gari lilishakata kona. Akasimama katikati ya barabara akichora msalaba hewani, mara ya kwanza, ya pili, ya kumi, na jirani mmoja kwenye gari lake akabaki anamsubiri apishe. Nikamfuata, nikamshika bega.

"Ulimbariki?" akaniuliza.

"Nilimbariki. Nisamehe, mdogo wangu."

"Kama mtoto asiye na mama?"

"Ndiyo. Kama asiye na mama."

Nilidhani atanipiga. Akajifuta uso kwa mkono ule ule wa unga.

"Basi Mungu na alishike hilo hilo," akasema. "Anichukue mimi, yeye amwache."

Huu ni mwezi wa tatu tangu aondoke. Yadira anaandika kwamba karibu watapelekwa ng'ambo, hawajaambiwa wapi. Dawa za presha za Otilia nazikuta kwenye pipa la taka, na nikimwuliza ananiambia nisiingilie mapatano yake.