Yule Mama wa Kwenye Gemu Alikuwa Amekasirika

Miaka ile soko huria lilipotuletea mitumba na runinga za rangi, Korogwe palifunguliwa kibanda cha gemu. Siku moja nilijibanza humo nikisubiri mvua ipungue, nikamwona kijana akichezesha shujaa mwenye upanga. Shujaa aliingia nyumba ya watu, akavunja mitungi, akafungua sanduku na kubeba vilivyomo. Mama mwenye nyumba, naye wa humo humo kwenye gemu, alisimama tu akitazama.

Shangazi wa yule kijana alikuwa amemfuata ili waende Kwamndolwa kupeleka posa. Alijitanda kanga vizuri, akaikazia macho runinga.

"Hukupiga hodi."

"Shangazi, humu hakuna hodi. Hawa hawana neno. Ona." Akabonyeza kitufe, maandishi yakatokea, akamtafsiria. "Huyu mama anasema, karibu mgeni."

"Bonyeza tena."

"Karibu mgeni."

"Tena."

"Karibu mgeni. Si unaona hajakasirika?"

Shangazi alitikisa kichwa polepole. "Huyo amekasirika sana. Na huko tunakokwenda, ukiingia hivyo, watakukaribisha hivyo hivyo."

Kijana alizima gemu, akachomekea shati.

Waliotengeneza gemu ile labda walidhani wamechora mtu asiyejali. Nilicheka njia nzima. Nilifika nyumbani chakula kimeshapoa, nikaingia na matope yangu mpaka sebuleni.

"Karibu," alisema mke wangu.

"Kuna nini?"

"Karibu."

Nikarudi nje, nikavua viatu, nikapiga hodi.